Isiolo Inapanuka, Ardhi Haiongezeki

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 143,294 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Isiolo. Sensa ya 2019 ikakuta 268,002. Kwa miaka kumi idadi ya watu ilikaribia kuwa maradufu, ilhali kaunti yenyewe imebaki na kilomita zake za mraba zinazozidi kidogo 25,000, nyingi zikiwa nyika kavu ambayo mvua yake haina ahadi. Katika miaka hiyo hiyo Isiolo ililetewa barabara ya lami na uwanja wa ndege, na ikachorewa reli, bomba la mafuta, bwawa kubwa na jiji la kitalii. Nani ambaye hajasimama barazani Isiolo akazungumzia upanuzi? Wa mji, wa uwanja, wa kambi ya jeshi, wa hifadhi, wa mashamba ya kunyunyizia maji. Kila mmoja anaponyoosha mkono kuonyesha atakakopanukia, mkono unaelekea kwenye nyika ile ile.

Siandiki kuupinga upanuzi. Watu wa kaskazini walinyimwa barabara, shule na hospitali kwa miongo mingi, na anayewaambia leo wabaki walivyo hajui gharama ya kubaki hivyo. Ninachopinga ni utaratibu. Isiolo inapanuliwa kabla wenye ardhi hawajaandikwa kuwa wenye ardhi. Ukianza na ramani ya mradi ukamalizia na daftari la wenyewe, mali inahama kutoka kwa asiye na karatasi kwenda kwa mwenye karatasi, hata kama hakuna aliyekusudia kuiba.

Mji huu haukuanza kwa bahati. Waingereza waliufanya kituo cha karantini ya mifugo, ili magonjwa ya ng'ombe na ngamia wa kaskazini yasifike kwenye mashamba ya walowezi wa nyanda za juu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakawapa makao hapa askari wa Kisomali waliolipigania jeshi lao, na vizazi vyao bado viko mjini. Isiolo ikawa makao ya utawala wa Wilaya za Mpaka wa Kaskazini, mahali ambapo hukuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, vita vya shifta, yaani vya waasi wa kaskazini dhidi ya serikali, vikafuata, na Waborana wa Waso, wafugaji wa bonde la mto Ewaso Nyiro, wakakusanywa kwenye kambi za Garba Tulla, Merti na Modogashe huku mifugo yao ikiteketea. Mwaka huo huo wa uhuru, mwezi Juni, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Dabaso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Wapita njia wengi wa Mtaa wa Wabera, Nairobi, hawajui kwamba jina hilo limetoka Isiolo.

Halafu ikaja sera. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yenye mvua, udongo mzuri na usafiri, kwa imani kwamba faida ya huko ingetumika baadaye kuyainua mengine. Isiolo haikuwa kwenye orodha ya maeneo hayo. Lami iliishia hapo mjini, na kizuizi cha polisi kikawa mwisho wa dunia moja na mwanzo wa nyingine. Magari ya kwenda Marsabit na Moyale yalijipanga kizuizini kusubiri msafara wenye askari. Wazee wa huko bado husema, mtu akisafiri kuelekea kusini, kwamba ameenda Kenya.

Kwa hiyo barabara ya Isiolo hadi Moyale, kilomita 500 na ushei zilizotiwa lami kipande kwa kipande kuanzia kile cha Merille hadi kazi ilipokamilika mwaka 2017, haikuwa jambo dogo. Safari iliyochukua siku mbili au tatu juu ya lori la ng'ombe sasa ni ya siku moja kwenye basi. Mama mwenye uchungu wa uzazi anaweza kufikishwa hospitali akiwa hai. Mbuzi wa Merille anafika sokoni Nairobi akiwa na uzito wake. Ukitaka kuona upanuzi uliopanua maisha ya watu, tazama barabara hii. Hata hivyo nayo ilizaa soko la ploti kando yake. Mahali palipokuwa na kisima na miti miwili ya migunga pakawa na vibanda, baadaye bikoni, mwishowe uzio.

Ni uwanja wa ndege unaotufundisha zaidi, kwa sababu hapo hesabu za upanuzi zinaonekana wazi. Rais Uhuru Kenyatta aliufungua mwezi Julai 2017. Jengo la abiria lilijengwa kuhudumia watu 125,000 kwa mwaka. Njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4, na uwanja wenyewe umekaa juu ya mpaka unaobishaniwa wa Isiolo na Meru. Hoja kubwa ya kuujenga ilikuwa mizigo: miraa ya Nyambene, nyama ya kaskazini, mboga za Timau, vyote viruke kutoka hapa bila kuteremka hadi Nairobi.

Tuichunguze hoja hiyo. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza ikafuata mwaka 2014. Uwanja ulipofunguliwa, masoko makubwa ya Ulaya yalikuwa yameshafungwa miaka mitatu. Lilibaki soko la Mogadishu, na lenyewe lilifungwa na kufunguliwa kwa kutegemea siasa za nchi mbili. Kuhusu nyama, machinjio ya kisasa ya Isiolo, ambayo ndiyo yangeipa ndege kitu cha kubeba, ujenzi wake uliburutwa kwa zaidi ya mwongo mmoja. Na njia ya kilomita 1.4 haiwezi kupokea ndege kubwa ya mizigo ikiwa imejaa. Jibu linalotolewa kila mara swali hili likiulizwa ni kwamba njia irefushwe. Yaani, upanuzi ambao haujajaa unatibiwa kwa upanuzi mwingine, na urefu huo mpya lazima upite juu ya ardhi ya mtu.

Hapo ndipo ninapowaomba wahandisi wanisikilize. Familia zilizohamishwa kupisha uwanja huu ziliahidiwa ploti mbadala. Nenda Mwangaza, Kiwanjani au Chechelesi uulize. Utaonyeshwa barua ya kugawiwa ploti, imekunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho. Ina nambari ya ploti, muhuri na sahihi. Ukiifuata nambari hiyo hadi ardhini, unaweza kukuta nyumba ya mtu mwingine ambaye naye ana barua yenye muhuri na sahihi. Wote wawili wanasema kweli. Mmoja alihamishwa na serikali, mwingine alinunua kwa pesa zake. Walioileta shida hii hawaishi mtaa huo, na waliobaki kuangaliana kwa jicho la shari ni majirani hawa wawili. Kabla njia ya ndege haijaongezwa hata mita moja, madeni haya ya ploti yanapaswa kulipwa, kwa majina, hadharani.

Ukitoka mitaa hiyo alfajiri ukaelekea ukingoni mwa mji, utakutana na uchumi ambao hauonekani kwenye ramani yoyote ya upanuzi. Boda zinaingia kutoka porini zimebeba mitungi ya plastiki ya maziwa ya ngamia, imefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za magurudumu. Kila mtungi una alama ya mwenyewe, kitambaa chekundu au kamba ya buluu, ili usipotee ukirudishwa mtupu. Mwanamke anayepokea anafungua kifuniko, ananusa, anamimina tone kwenye kiganja na kuonja, kisha anaamua: haya ni mabichi yaende Nairobi, haya yameanza kuchacha yabaki kuwa susa, maziwa yaliyochachushwa. Vyombo vimefukizwa moshi wa kuni ili maziwa yadumu, na harufu hiyo ya moshi ndiyo mnywaji wa Eastleigh, Nairobi, anayoitafuta. Wanawake wa ushirika wa Anolei waliijenga biashara hii kutoka mtungi mmoja mmoja hadi shehena inayopanda basi kila siku.

Biashara hii inaishi kwa umbali. Ngamia wa maziwa lazima awe karibu na mji kiasi kwamba maziwa yaliyokamwa usiku yawahi basi la asubuhi. Mji ukisogeza ukingo wake, kundi linasogea mbele zaidi. Boda anaongeza mafuta, mtungi unakaa juani saa nyingine moja, na maziwa yaliyokuwa mabichi yanafika yamechacha, ambayo bei yake ni ya chini. Hakuna mtu aliyewafukuza wanawake wa maziwa. Hakuna aliyewapa notisi. Lakini kila ploti inayopimwa upande wa Burat au Ngare Mara inakula sehemu ya faida yao, na hakuna fidia kwa hasara ambayo haijaandikwa popote. Mpangaji mji mwenye busara angeanza kwa kuchora mahali ngamia wanapolala na njia wanazopita, kisha ndipo achore barabara za mitaa.

Nimefika kwenye kiini cha jambo. Wapangaji wakiitazama Isiolo kutoka angani, au kutoka ofisi za Nairobi, wanaona nafasi tupu. Mpango wa LAPSSET, wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, Rais Mwai Kibaki akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, ulichora ushoroba wa upana wa mita 500 wa kupitisha barabara, reli na bomba, na kila upande ukanda wa kiuchumi wa kilomita 50. Jiji la kitalii likapangwa Kipsing, magharibi mwa mji, na bwawa likapangwa kwenye mto Ewaso Nyiro mahali panapoitwa Crocodile Jaws. Kwenye ramani, mistari hii inapita juu ya rangi moja ya kahawia. Ardhini hakuna mahali hata pamoja ambapo hapana mwenyewe.

Waborana wa Waso wana utaratibu wao unaoitwa dedha. Baraza la wazee wa dedha hugawa malisho kwa majira: kuna ya masika, kuna ya kiangazi karibu na mto, na kuna yale yanayofungwa kabisa, yasiguswe mpaka ukame uwe mkali. Anayesimamia zamu za kisima ana cheo chake, na anayeingiza mifugo kwenye akiba bila ruhusa hutozwa faini ya mifugo. Malisho ya akiba ni kama ghala lililofungwa kufuli. Ukipita hapo mwaka wa mvua nzuri utakuta nyasi zimesimama, hakuna ng'ombe, hakuna boma, hakuna moshi. Mgeni ataandika kwenye daftari lake kwamba eneo halitumiki. Kumbe limeachwa wazi ili watu wasife mwaka wa njaa.

Kosa hili limeshatendwa, na kwa nia njema. Visima virefu vilichimbwa kwenye malisho ya akiba ya kaskazini mwa Merti, kama Yamicha na Urura, ili kuwasaidia wafugaji. Maji yalipopatikana mwaka mzima, mifugo nayo ikakaa mwaka mzima, na wafugaji wa mbali wakaja pia. Ukame ulipofika, akiba ilikuwa imeliwa, na waliokutana kisimani walikutana na bunduki. Huo nao ulikuwa upanuzi, wa huduma ya maji, na uliivunja kinga ambayo ilikuwepo kabla haujaja. Kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana, na kaunti kame za Kenya zikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Katika ukame wa namna hiyo mfugaji lazima naye apanuke, yaani apate pa kusogea. Ukimfungia njia, ng'ombe wake watafia kwenye uzio.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Isiolo imeshaonyesha njia nyingine. Mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, ambao Isiolo ilikuwa ya kwanza kuujaribu nchini, uliziachia kamati za wadi kuamua fedha zitumike wapi. Baadhi ya jamii zilichagua kuimarisha mabaraza ya dedha: mafuta ya pikipiki za wazee wakague malisho, na ukarabati wa visima vya kiangazi badala ya kuchimba vipya kwenye akiba. Fedha zilikuwa kidogo, lakini ziliwafikia watu wanaojua nyasi ziko wapi.

Hifadhi za wanyamapori zinastahili neno lake, kwani nazo zimepanuka sana kaskazini kwa miaka 20 iliyopita. Zimeleta askari wa doria, ajira na watalii, na zimeleta pia malalamiko kwamba wazee wa malisho walipokonywa mamlaka bila kuulizwa. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili kubwa zilizoanzishwa chini ya shirika la Northern Rangelands Trust ziliundwa kinyume cha Katiba, bila kufuata sheria ya ardhi ya jamii. Uamuzi huo usisomwe kuwa ni vita dhidi ya tembo na twiga. Mahakama ilirudia jambo ambalo Katiba ya 2010 ililisema katika kifungu cha 63: ardhi ya jamii ni ya jamii, na asiyeipata ridhaa yake hana pa kusimama. Kanuni hiyo hiyo inalihusu jiji la kitalii, inalihusu bomba, inaihusu hata kambi ya jeshi inayotaka kusogeza mpaka wake.

Basi kwa nini kanuni iliyo wazi hivyo haifanyi kazi? Kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo haijasajiliwa. Hapa historia inaumiza tena. Kwa majirani zetu wa Laikipia, jamii kama Il Ngwesi na Musul zilikuwa na ranchi za vikundi zenye mipaka na orodha za wanachama, kwa hiyo sheria ilipobadilika zilipata hati za ardhi ya jamii mapema. Isiolo haikupata ranchi hizo. Ardhi yake ilikuwa ya amana, mikononi mwa baraza la kaunti, na wakazi wakaishi juu yake kama wageni wa madiwani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliondoa mfumo huo, lakini ikaweka kifungu ambacho kila mkazi anapaswa kukijua. Kifungu cha 6 kinasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na fidia yoyote ya ardhi hiyo ikichukuliwa kwa mradi inawekwa na kaunti kwenye akaunti maalumu yenye riba, mpaka jamii isajiliwe.

Soma tena sentensi hiyo. Maana yake ni kwamba ushoroba ukipita leo juu ya malisho yako, pesa zitakwenda kaunti, na wewe utazipata siku utakapokuwa na cheti. Maana yake nyingine ni kwamba ofisi inayotakiwa kukusaidia kusajili ndiyo ofisi inayokaa na pesa zako mpaka usajili ukamilike. Simtuhumu gavana yeyote, wa jana wala wa leo. Nasema sheria iliyotungwa hivi inahitaji shinikizo la wananchi, kwa sababu hakuna afisa anayepoteza kitu usajili ukichelewa.

Lamu wametuonyesha shinikizo linavyofanya kazi. Wavuvi wa huko walikwenda mahakamani kwa sababu bandari ya LAPSSET iliwaharibia maeneo ya uvuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Bahari haina bikoni wala hati, na bado walisikilizwa. Gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa Mei 2021. Mradi haukufa kwa sababu ya fidia.

Kwa hiyo utaratibu ninaoudai ni mfupi. Serikali ya Kaunti ya Isiolo isitoe barua yoyote mpya ya ploti katika eneo ambalo jamii yake haijasajiliwa. Tume ya Taifa ya Ardhi ichapishe, wadi kwa wadi, orodha ya madai ya walioathiriwa na uwanja wa ndege na waliolipwa. Halmashauri ya LAPSSET iombe ramani za malisho ya akiba kutoka kwa mabaraza ya dedha, na kwa Wasamburu na Waturkana wanaotumia nyika hiyo hiyo, kabla ya kuweka bikoni nyingine. Ukanda wa kilomita 50 kila upande si mradi, ni eneo ambamo watu wanaishi, na watu hao waulizwe.

Nawe msomaji wa Burat, wa Merti, wa Kinna, wa Oldonyiro, una kazi yako. Sheria inataka jamii ikutane, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, na mambo mazito ya ardhi, yakiwemo mikataba na wawekezaji, yapitishwe mkutanoni na theluthi mbili ya wanachama watu wazima. Chifu akitangaza mkutano wa kusajili ardhi ya jamii, nenda. Chukua kitambulisho, mpeleke mama yako na dada zako, maana sheria inawatambua sawa na wewe. Mtaka njia wa upande wa pili wa mto akaribishwe aeleze ng'ombe wake hupita wapi wakati wa ukame. Na mtu akileta orodha ya wanachama iliyokwisha kuandikwa, isomwe jina moja moja kwa sauti, mbele ya wote, kabla hujaweka sahihi.